Unasikia sauti? Haiko lazima ufanye vita nazo kila siku

Mimi nasikia sauti zenye wengine hawasikie tangu ujana wangu, nafanya kazi, nalea watoto hapa Bukavu, na naandikia wewe mwenye uko unaficha juu unajua ukifungua mdomo tu watasema ni bulozi, ao watakufungia kwenye chumba cha maombi.

Munganga mumoja wa akili wa Uholanzi, Marius Romme, mwaka 1987 alitokea kwenye televisheni ya kwao pamoja na mama mumoja mwenye kusikia sauti, wakaomba wengine wenye kusikia wajitokeze. Mamia ya watu walijibu, na kumbe wengine kati yao hawakupitaka kwa munganga wa akili hata siku moja, wanaishi tu vizuri. Hao walijiona wana nguvu kupita sauti, waliziwekea mipaka, na walikuwa wanaongea na watu juu ya hiyo mambo.

Hiyo ya kuongea njo naona ni kubwa kupita zote. Tafuta mutu mumoja, usitangazie kartie nzima. Mimi mutu wangu ni yaya, ndugu yangu mukubwa. Aliniuliza tu "sasa zinakuambia nini?" na akasikiliza mpaka mwisho, hakulia, hakuita pasta. Siku izi akiniona nimenyamaza sana ananiuliza kama nililala.

Juu usingizi, ndugu yangu, usingizi! Naheshimu sana maombi na mimi mwenyewe nasali, lakini mikesha ya usiku kucha, tena na kufunga bila kula wala kunywa, kwa mutu kama sisi inaongeza sauti, haipunguze. Ukiwa na pasta mwenye kuelewa mwambie utafunga nusu siku, usiku unalala. Bangi uache kabisa, na pombe kali ya kanyanga pia.

Sauti zangu ziko na saa yao, saa mbili ya usiku, vyombo vikiisha kuoshwa. Zikinisumbua muchana naziambia "ngojeni saa mbili", na mara nyingi zinangoja kweli. Kama niko njiani kuelekea soko ya Kadutu na lazima nijibu, naweka telefone kwa sikio, nani atajua? Mvua ikipiga mabati ao groupe (jenereta) ya jirani ikinguruma zinapanda, hapo naimba ao nasoma kwa sauti, juu mdomo ukiwa na kazi zinapungua. Na sauti kusema kitu haina maana ni kweli. Ikikuambia jirani anakuloga, muulize yule mutu wako kwanza mbele ya kumuangalia jirani vibaya.

Ila kuna siku hizi zote hazitoshe. Sauti ikianza kukuamuru ujiumize ao uumize mutu, ao umekaa siku kadhaa bila kulala wala kula, ao unaogopa hata watu wa nyumba yako, usingoje. Kama uko na homa, upimishe malaria, homa kali nayo inaleta mambo ya aina hii. Kama tayari uko kwa dawa, usiziache bila kuongea na munganga wako. Hapa Bukavu tuko na SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili ya Mafrère wa Charité, hiyo ni kazi yao, na uende pamoja na yule mutu mwenye anakujua, yeye atasema vile ulivyokuwa kama wewe umeshindwa kueleza.