Nyoka wa kwenye chungu cha maua: usimponde, ila usimshike

Wa kwanza nilimuua bila hata kujua ni nyoka. Nilikuwa nahamisha ua kwenye chungu kikubwa, udongo ukamwagika, nikaona kitu cheusi chembamba kinajinyonganyonga nikajua nyungunyungu tu, nikamshika nimweke pembeni, akanichoma na mkia! Nikaruka huko, nikamponda na koleo. Baadaye ndo naambiwa yule ni nyoka kipofu, hana sumu, na kale kamwiba ka mkiani ni ka kujisukumia udongoni.

Iliniuma, maana mimi nahangaika na mchwa na sisimizi kila siku na chakula chake ndo hicho, anawafuata mpaka kwenye kiota anakula mayai na watoto wao. Halafu hawa wa vyungu wote ni majike, hakuna dume, yaani mmoja akisafiri kwenye udongo wa ua anaanzisha ukoo huko aendako peke yake. Na kule Texas kuna bundi wadogo wanabeba nyoka vipofu wa aina nyingine wakiwa hai mpaka kiotani, nyoka wanakula funza kwenye mabaki ya chakula, na utafiti uliotoka 1987 ulikuta vifaranga wa viota hivyo wanakua haraka zaidi. Ndege kaajiri mfagiaji!

Kwa hiyo kabla hujaponda, angalia. Nyungunyungu ana pingili, huyu ana magamba ya kung'aa, anatoa ulimi, na macho ni vidoa viwili tu chini ya gamba.

Sasa usije ukasoma nusu ukaenda kuokota kila nyoka wa udongoni. Afrika na Mashariki ya Kati kuna mwingine mweusi anaitwa Atractaspis, huyo ana sumu, na chonge lake linachomoza pembeni mdomo ukiwa umefumba. Rafiki yangu alimbana shingoni kama wanavyofanya kwenye TV, akachomwa hapohapo, mkono ukavimba na kidole mpaka leo hakinyooki vizuri. Huyo naye ana kazi yake, anakula panya wachanga na mijusi ya mashimoni, ila kazi yake aifanye mbali na vidole vyangu.

Mimi siku hizi mkono mtupu hauingii kwenye udongo, natumia koleo, na nikiona mweusi anayezidi unene wa penseli narudi nyuma namwacha apite zake. Usiku baada ya mvua navaa buti na tochi mkononi, maana mashimo yakijaa maji wanapanda juu. Juzi nimemkuta kipofu mwingine, nikamchota na udongo wake, nikamrudisha kwenye chungu kilekile chenye sisimizi.