Nusu marathoni kandokando ya Nile, Jinja

Dada, umeuliza kama njia ya mtoni Jinja ni tambarare na inamfaa anayekimbia kilomita 21.1 kwa mara ya kwanza. Inamfaa, ila tambarare siyo. Mto uko bondeni: kila ukishuka kuuona, jua utaupanda tena huo mteremko.

Anzia mjini, shika njia ya Bujagali, endelea mbele kidogo upande wa Budondo, kisha geuka ukifika kilomita 10.5. Barabara haigusi ukingo muda wote, lakini maji yanapojitokeza kati ya miti, kijani kibichi na mapana, hata miguu iliyochoka inapata nguvu. Wengi hufika Bujagali wakitafuta maporomoko. Yalifunikwa na maji ya bwawa zaidi ya miaka 10 iliyopita. Sasa pametulia kama ziwa, na mimi napapenda hivyo hivyo.

Shida kubwa ni murram. Ikinyeshewa usiku, ule udongo mwekundu unanata chini ya viatu hadi vinakuwa vizito, na pembeni unateleza vibaya. Vaa soli yenye meno, hasa Machi hadi Mei. Kimbia ukiwatazama bodaboda wanaokuja, usiwape mgongo.

Anza kukipambazuka tu, saa kumi na mbili unusu hivi. Ikifika saa tatu jua limeshakuwa kali. Na maji beba mwenyewe tafadhali, usitegemee vibanda, asubuhi vingi vimefungwa.