Maswali ya Wasomaji: Kromosomu Zinabadilishanaje Vipande?

SWALI: Tulifundishwa kwamba mayai na mbegu za kiume zinapotengenezwa, kromosomu iliyotoka kwa baba na ile iliyotoka kwa mama hubadilishana vipande. Seli inajuaje pa kukata ili jeni hata moja isipotee?

JIBU: Siri haimo kwenye kukata, imo kwenye kurekebisha. Kila mahali, seli huanza kwa kukata kromosomu moja tu ya jozi, kisha huitumia ile ya pili kama kielelezo cha kuiponyea.

Mkataji ni protini SPO11. Katika seli moja ya panya hukata DNA mahali 200 hadi 300 hivi. Kila ncha iliyokatwa huliwa uzi mmoja kati ya nyuzi mbili za DNA, ukabaki mkia wa uzi wa pili peke yake. Protini RAD51 na DMC1 huuvika mkia huo, nao huanza kuipapasa kromosomu mwenza, herufi za kemikali za DNA zikitafuta wenza wao: A ikitafuta T, G ikitafuta C. Herufi zisipooana, mkia huachia na kujaribu kwingine. Zikioana, hujipenyeza, huusukuma kando uzi uliokuwapo, na pengo hujazwa kwa kunakili. Nyuzi zilizopishana zikishakatwa na protini MLH1 na MLH3, kila upande huondoka na kipande cha mwenzake, herufi kwa herufi. Majeraha mengi hayafiki huko. Kwa panya ni kama 25 tu, mengine huzibwa bila kubadilishana vipande virefu.

SWALI: Na mambo yakiharibika?

JIBU: Hatari huanzia kwenye jeni pacha zilizopangana jirani. Jeni za kuona nyekundu na kijani, zilizo kwenye kromosomu X, zimefanana mno. Mkia ukishika jirani badala ya mlengwa, X moja hutoka na jeni ya ziada na nyingine hupungukiwa. Mtoto wa kiume akiirithi hiyo pungufu, hana X ya pili ya kumfidia, hivyo rangi hizo humchanganya.

Kosa lingine ni kutobadilishana kabisa. Pale vipande vilipopishana pana fundo, kiazma, linaloishikilia jozi mpaka wakati wa kuvutwa pande mbili. Bila fundo, zote mbili zaweza kwenda upande mmoja. Yai likibeba kromosomu 21 mbili, mtoto huwa nazo tatu, yaani hali ya Down.

Kwa mwanamume kuna jozi moja ngumu zaidi: X na Y zimelingana nchani tu, hasa kwenye kipande cha herufi milioni 2.7 hivi, na fundo lao sharti lipatikane humo.