Maswali ya Wasomaji: Kijana wa miaka 16 karakanani

SWALI: Natengeneza mageti na grili za madirisha hapa Morogoro, nina mafundi wawili. Jirani ameniomba nimpokee mwanawe wa miaka 16 aliyeishia kidato cha pili, aje ajifunze kazi badala ya kushinda kijiweni. Sheria inaruhusu? Nimpe kazi gani, na ni lazima nimlipe?
— Mwenye karakana, Morogoro

JIBU: Inaruhusu, ila pengine si kwa namna unayoiwazia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakubali kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kazi ya hatari, wala kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kwa hiyo mashine ya kuchomelea na grenda (mashine ya kukatia na kusugulia chuma) asiziguse mpaka atimize 18.

Hata kusimama kando akitazama kuna madhara. Mwanga wa kuchomelea huunguza macho bila kuuma papo hapo. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, macho kama yamejaa mchanga, mara nyingi kijana akiwa kitandani, na alfajiri mzazi anagonga mlango wako. Mabomba yenye zinki nayo yakichomwa hutoa moshi unaoleta homa na kutetemeka. Mtengee sehemu ya kazi mbali na hapo, nyuma ya pazia lisilopitisha mwanga.

Kazi zinazobaki ni nyingi: kupima, kuchora, kuhesabu vifaa, kutunza stoo, kufuatana na fundi kwa mteja. Karakana nyingi hukosea hapa. Kijana hutumwa chai na kufagia miezi mitatu, kisha huonekana mvivu anapoacha kuja. Wiki ya kwanza mpe futi, chaki na hesabu hii: fremu ina upana wa ndani wa sentimita 120, zisimame nondo 11 za milimita 12 kwa nafasi sawa. Karibu kila mgeni hugawa 120 kwa nafasi 12, anapata sentimita 10, kisha nondo ya 11 inakosa mahali, kwa sababu amesahau unene wa nondo. Nondo 11 zinakula sentimita 13.2. Zinabaki 106.8, ukigawa kwa 12 kila nafasi ni 8.9. Mwache akosee kwa chaki sakafuni, ambako kosa halina gharama.

Malipo: sheria hiyohiyo inampa mtoto haki ya ujira unaolingana na kazi anayofanya. Neno "anajifunza" halifuti haki hiyo. Nauli na chakula viwepo tangu siku ya kwanza.

Yaandikeni yote kwenye karatasi moja, mzazi asaini: siku na saa za kazi, tarehe ya mwisho, kazi anazoruhusiwa na asizoruhusiwa, kiasi cha ujira, fundi anayemsimamia (mmoja tu, wawili humwachia kila mmoja mwenzake), na nani atagharimia matibabu akiumia. Nakala ipelekwe kwa ofisa ustawi wa jamii. Kisha awe na daftari: tarehe, alichofanya, saini ya fundi.

SWALI: Nina miaka 19, sikumaliza darasa la saba. Nimeshona miaka miwili kwa fundi cherehani. Nitapataje cheti?
— Binti, Tanga

JIBU: Nenda chuo cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) kilicho karibu, uliza urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Utapimwa kwa kazi ya mikono na kuhojiwa, na palipo na pengo utafundishwa hapo tu, si kozi nzima. Beba nguo ulizoshona mwenyewe na barua ya fundi wako inayotaja miezi na aina za mishono. Wengi hukwama kwenye vipimo: mkono unajua kukata, lakini akiulizwa nyongeza ya mshono ni sentimita ngapi hana jibu. Anza kuandika vipimo hivyo sasa, kabla hujaenda.