Ukianza kusoma hadithi za kutisha na kutazama filamu zake

Wengi wanaoingia kwenye hadithi za kutisha huanzia kwenye filamu, kisha wakasikia kuna kitabu nyuma yake, wakakitafuta. Hakuna ubaya wowote. Ila ukifika mahali unataka kuzisoma kwa makini, kuziandikia uhakiki au kujaribu skripti yako mwenyewe, swali linalokuja haraka ni kama filamu imefuata kitabu. Nimeishi na hadithi hizi miaka mingi, na jambo la kwanza ninalomwambia mgeni ni aliweke swali hilo kando. Tafuta kwanza hofu ya kitabu imekaa wapi, kisha angalia mwongozaji ameihamishia wapi. (Nitafichua miisho kadhaa humu, kwa hiyo kama hujasoma na unataka kushtukizwa, soma kwanza kisha urudi.)

Kuitafuta hofu ni kazi ya mikono. Soma ukiwa na penseli. Ukifika pale moyo ulipokwenda mbio, weka alama, halafu rudi nyuma kurasa mbili tatu uone mwandishi alianza kukuandaa wapi. Mara nyingi utakuta sentensi iliyokutisha haina kitu chochote cha ajabu ndani yake. Kazi ilishafanyika mapema, kimyakimya.

Chukua The Haunting of Hill House ya Shirley Jackson, ya mwaka 1959. Usiku mmoja Eleanor, mmoja wa wageni katika nyumba inayosemekana kuwa na mizuka, amelala gizani, anasikia sauti kama za mtoto anayeteswa, na ameushika mkono wa mwenzake Theodora kwa nguvu zote. Taa inawaka. Theodora yuko kitandani kwake, upande wa pili. Basi mkono ule ulikuwa wa nani? Hakuna jibu linalotolewa, wala mzuka hauonekani. Hofu ya kitabu hiki imo ndani ya kichwa cha Eleanor: tunajua anachohisi tu, na yeye mwenyewe si wa kutegemewa. Sasa tazama Robert Wise alivyolishughulikia tukio hilohilo kwenye filamu ya mwaka 1963. Kamera inaganda kwenye uso wa Eleanor na kwenye nakshi za ukuta ambazo taratibu zinaanza kufanana na uso wa mtu. Mkono wa Theodora hatuoneshwi. Filamu nzima haina mzuka hata mmoja unaoonekana waziwazi, na bado ni miongoni mwa filamu zinazotisha kuliko nyingi nilizoziona. Kwenye tamthilia ya televisheni ya mwaka 2018, Mike Flanagan alibadilisha karibu kila kitu, akawafanya wahusika kuwa ndugu wa familia moja, na akaificha mizuka nyuma kabisa ya fremu, kwenye pembe za vyumba, ambako mtazamaji anaweza kuipita bila kuiona. Ukipima kwa kufuata kitabu, utasema ameharibu. Ukipima kwa hofu, utaona ameielewa nyumba ile: mtazamaji anaanza kutoyaamini macho yake mwenyewe, kama Eleanor.

Mfano wa pili ninaoupenda sana ni Psycho, kwa sababu unaonyesha tatizo la ufundi na suluhisho lake. Kitabu cha Robert Bloch, cha mwaka 1959, kinaanza na Norman Bates akizozana na mama yake. Msomaji anasikia maneno ya mama na hana sababu ya kushuku, kwa kuwa kwenye ukurasa sauti ni maandishi tu. Kamera haiwezi kufanya hivyo. Ukimwonyesha mama ameketi chumbani, siri imekwisha: mama alishakufa zamani, na Norman ndiye anayemsemea. Kwa hiyo filamu ya Hitchcock ya mwaka 1960 inaanza na mwanamke anayeiba dola 40,000, tunamfuata, tunamhurumia, kisha anauawa kabla filamu haijafika nusu. Tunabaki bila mtu wa kumshika isipokuwa Norman. Ndiyo maana Norman wa kitabuni, mnene, wa makamo, mnywaji, aligeuzwa kuwa kijana mwembamba mwenye haya aliyeigizwa na Anthony Perkins. Angekuwa yule wa kitabu, tungemkimbia. Halafu itazame vizuri sehemu ambapo Norman anambeba mama kushuka naye ngazi: kamera imepandishwa juu kabisa, hadi darini, na mazungumzo yao yanaendelea kana kwamba hakuna jambo. Pembe hiyo ipo ili usiuone uso wa mama. Mabadiliko yote haya, pamoja na kamera ile, yametokana na jambo moja ambalo kitabu kiliweza kulificha na skrini isingeweza.

Kuhusu The Shining watu hugombana hadi leo, na mgeni atalazimishwa kuchagua upande. Usichague haraka. Riwaya ya Stephen King ya mwaka 1977 ni ya baba anayempenda mwanawe na anayepigana na ulevi; hoteli yenye mizuka anayoilinda majira ya baridi inamla kidogo kidogo, na karibu na mwisho anajirudi kwa dakika moja na kumwambia mtoto akimbie. Boila inalipuka, hoteli inateketea. Kwenye filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980, baba anaonekana kama mtu aliyekwisha potea tangu mwanzo, na anakufa kwa baridi ndani ya mzingile wa miti. King aliilalamikia hadharani, na nadhani lalamiko lake ni la haki: kisa cha baba anayeanguka kimeondoka. Lakini mwaka 1997 tamthilia ya televisheni ilitengenezwa kwa skripti yake mwenyewe, yenye kila kitu, hata vichaka vilivyokatwa kwa maumbo ya wanyama ambavyo kitabuni husogea ukiwapa mgongo. Kwenye kitabu vichaka vile vilinigandisha damu. Kwenye tamthilia vinatembea mbele ya macho yako, na hofu inakwisha palepale. Kitabuni hukuviona vikisogea. Uligeuka tu ukavikuta vimekaribia. Kwa hiyo, kazi inaweza kuyafuata matukio yote na bado ikaidondosha hofu njiani.

Tahadhari moja kwa wanaopenda kutafuta maana katika kila badiliko: mengine ni ya kiutawala tu. Chumba cha kuogofya kwenye The Shining ni namba 217 kitabuni na 237 kwenye filamu, na watu wameandika mengi juu ya namba hiyo. Sababu ni kwamba hoteli iliyopigwa picha kwa nje, Timberline Lodge, iliomba chumba chake cha 217 kisitajwe, wageni wasije wakaogopa kukilalia. Vivyo hivyo Nosferatu ya mwaka 1922: Dracula aliitwa Orlok kwa kuwa watengenezaji hawakuwa na idhini ya kutumia kitabu cha Bram Stoker, na mjane wa Stoker aliwashitaki hadi mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe. Bahati njema baadhi zilinusurika.

Na filamu hiyo ndiyo iliyoleta wazo kwamba mwanga wa jua humuua mnyonya damu. Kwenye kitabu cha mwaka 1897 Dracula hutembea mchana mjini London. Nguvu zake hupungua tu. Zoea kujiuliza umelipata wapi jambo unalodhani unalijua. Kiumbe wa Frankenstein, ambaye kwenye filamu ya mwaka 1931 hutoa miguno, kwenye riwaya ya Mary Shelley anasoma vitabu na kujitetea kwa ufasaha unaomtia msomaji aibu.

Skrini nayo ina hofu zake ambazo kitabu hakizijui. Ring ya Koji Suzuki, ya mwaka 1991, ni ya uchunguzi zaidi: mwandishi wa habari, mwanamume mwenye mke na mtoto mchanga, anafuatilia kanda ya video inayoua baada ya siku saba, na laana inakuja kufungamana na kirusi cha ndui. Tukio la Sadako kutambaa na kutoka kwenye televisheni halimo kitabuni kabisa. Ni la filamu ya Hideo Nakata ya mwaka 1998, na linafanya kazi kwa sababu nawe wakati huo unatazama skrini.

Kwa hiyo soma kitabu kwanza kila unapoweza. Sura ya mwigizaji ikishaingia kichwani haitoki, na utakosa nafasi ya kumjenga mhusika mwenyewe. Ukitazama, tazama peke yako, bila simu, na sauti iwe ya kutosha. Siku nyingine rudia matukio uliyoyawekea alama huku umezima sauti. Utashangaa ni mangapi yanakuwa matukio ya kawaida tu. Mauaji ya bafuni kwenye Psycho, Hitchcock mwenyewe alitaka yapite bila muziki. Ni Bernard Herrmann, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, aliyeyaandikia vile vinanda vya nyuzi vinavyopiga kelele, na mwongozaji akakubali. Uyatazame kwa njia zote mbili.

Unapoandika, usijaze kurasa kwa orodha ya tofauti. Msomaji wako anaweza kuzihesabu mwenyewe. Chagua badiliko moja, eleza lilitatua nini na liligharimu nini. Riwaya ya Stephen King iitwayo It, ya mwaka 1986, kwa mfano, inaruka huku na huku kati ya utoto na utu uzima wa wahusika, kwa kuwa inahusu watu waliosahau. Filamu za mwaka 2017 na 2019 zilizitenga nyakati hizo mbili. Ya kwanza ikapata nguvu ya hadithi ya watoto, ya pili ikabaki ikirudi nyuma kila mara kuokota kumbukumbu. Hapo pana makala nzima.

Kama hujui uanzie wapi, usianze na kitabu cha kurasa elfu. Soma The Turn of the Screw ya Henry James, ya mwaka 1898, ni fupi ingawa sentensi zake zinataka subira. Mwalimu wa nyumbani anadai anaona mizuka karibu na watoto wawili, na huwezi kuthibitisha kama kweli ipo. Kisha tafuta The Innocents ya Jack Clayton, ya mwaka 1961. Kila mzuka unapotokea, simamisha filamu na uandike ni kipi kilichoonyeshwa kwanza, mzuka au uso wa mwalimu.