Yoshiharu Tsuge: usianzie na Nejishiki

Mleta mada anasema kasoma Nejishiki, kisa cha manga (hadithi za katuni za Kijapani) cha mchoraji Yoshiharu Tsuge, mara mbili katoka kapa, anauliza Tsuge asomwe vipi. Kosa ni la waliomwelekeza huko kwanza.

Anza nyuma-mbele, na Munō no Hito (1985–86), yaani "mtu asiye na kipaji". Kwa Kiingereza ipo tangu 2020. Mchora manga ameacha kuchora, anauza mawe kwenye kibanda kando ya mto Tama. Mawe kayaokota mtoni hapohapo, kwa hiyo anayelitaka anainama tu na kujichukulia la bure. Kabla ya hapo alikuwa akifufua kamera mbovu na kuziuza. Jioni mwanawe mdogo anakuja kumchukua warudi nyumbani. Inachekesha mpaka unaona aibu kucheka. Ukishamjua Tsuge huyu, mengine yatafunguka.

Kisha rudi kwenye hadithi zake za jarida la manga la Garo, lililoanzishwa na Katsuichi Nagai mwaka 1964. Tsuge, mzaliwa wa 1937, aliishia shule ya msingi, akafanya kazi kiwanda cha kupaka vyuma madini, na alichagua manga kwa kuwa ni kazi ya kujifungia ndani bila kukutana na watu. Tangu miaka ya 1950 alichorea maduka ya kukodisha vitabu, ambako msomaji alitaka visa vya upelelezi na mwisho wa kushtua. Hilo ni muhimu: fundo la kisa alilijua vizuri, alilifungua kwa makusudi. Soma Numa (1966): mwindaji kijana, binti, usiku mmoja, nyoka ndani ya kizimba, na hakuna kinachoelezwa. Halafu Akai Hana (1967), ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote.

Hapo tazama uchoraji wenyewe. Kipindi hicho alikuwa msaidizi wa mchora manga Shigeru Mizuki, na kwa Mizuki watu huchorwa kwa mistari michache huku mandhari ikijazwa vistari mpaka karatasi inakuwa nzito. Tsuge anatumia pengo hilo: uso unabaki karibu mtupu, majani na maji vinasema. Ukikimbilia viputo vya maneno unaruka nusu ya hadithi.

Sasa ndiyo ufungue Nejishiki (1968). Kijana katoka baharini, mshipa wa mkono wa kushoto umekatwa na yavuyavu, anaushika kwa mkono wa kulia akitafuta daktari kijiji kizima, na anachokuta ni mabango ya madaktari wa macho. Mwishoni daktari wa wanawake anamfungia koki kwenye mshipa. Akiikaza, mkono unakufa ganzi. Usitafute fumbo kila fremu. Hata lile jina la yavuyavu huyo, "meme kurage" (kurage ni yavuyavu), ambalo watu wamelifumbua weee, lilitokana na kosa la uchapaji: Tsuge aliandika alama mbili za ×× kabla ya neno yavuyavu, kama mtu anavyosema "yavuyavu fulani", mpanga herufi akazisoma kama メメ, yaani "meme". Likabaki hivyohivyo.

Angalizo moja: toleo likiwa na mpangilio wa Kijapani, fremu zinakwenda kulia kwenda kushoto. Ukikosea, hadithi za Tsuge hazikustui, kwa kuwa zinaeleweka kidogo hata zikisomwa kinyume.

Na Tadao Tsuge ni mdogo wake, msiwachanganye. Yule anastahili uzi wake.