Baiskeli ya kwanza ya mbio: anza na saizi

Umeuliza ununue mpya ya bei ya chini kabisa au iliyotumika yenye vifaa bora. Mimi ningechukua iliyotumika, mradi fremu iwe ya saizi yako. Hapo usilegeze kamba: fremu ikikuzidi, mgongo na shingo vitauma hata ubadilishe kiti mara ngapi. Chagua ya alumini. Kaboni iliyotumika iache kwanza, maana ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi.

Ukienda kuikagua, vuta mnyororo kwa vidole pale mbele kabisa ya gia kubwa ya pedali. Mnyororo ukiinuka mpaka meno yakaonekana wazi, umekwisha, na huenda umeshakula gia za nyuma. Omba upunguziwe kwa hesabu hiyo. Zungusha kila gurudumu ukitazama nafasi kati ya rimu na breki. Likiyumba, spoki zinataka kurekebishwa.

Uliza kama tairi za upana wa milimita 28 zinaingia, maana hazikutikisi kama zile nyembamba za 23. Njia zako zikiwa na milima, nyuma kuwe na gia ya meno 32 au zaidi, usije ukaumiza magoti. Na bakiza hela ya helmeti na pampu.